Rejesta ya Vibarua

Mwaka 1968 nilikaa mkekani uani kwa mzee mmoja wa Umatumbi, akinisimulia jinsi pamba ilivyong'olewa Nandete mwezi Julai 1905. Nilikuwa mwanafunzi wa historia Dar es Salaam, chuo chetu kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tulitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji kabla walioviona kwa macho yao hawajatuacha. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Alipomaliza, mzee akaliangalia daftari langu.

"Mjukuu wangu, haya utayaweka wapi?"

"Chuoni, babu."

"Chuoni wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi mjini na swali lake.

Nilikwenda Nyaraka za Taifa kutafuta upande wa pili wa habari ile, yaani majalada ya Wajerumani. Ilinibidi kwanza nijifunze mwandiko wao wa zamani, ambao hata anayekijua Kijerumani hubabaika akiuona. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya Waingereza, walizifukia ardhini baadhi ya nyaraka zao, zikafukuliwa baadaye. Nilipofungua jalada la kwanza niliona wino ulivyoila karatasi, herufi zikabaki matundu. Palepale niliona kuwa kazi ya kuizuia karatasi ile isife inanihusu kuliko kitabu nilichokuwa nimekusudia kuandika. Miaka michache baadaye niliajiriwa hapo, na hapo ndipo nilipostaafia. Mwaka 1997 UNESCO ilipoziingiza nyaraka hizo za Kijerumani katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia, nililia mbele ya wenzangu.

Mchwa na unyevu wa pwani ni maadui wanaojulikana. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuamua kipi kibaki na kipi kiteketezwe, maana hakuna ghala la kutosha kila karatasi ya serikali. Niliamua kama mwanahistoria: barua za magavana zibaki, mihtasari ya vikao ibaki. Katika ofisi moja ya wilaya nilikuta rejesta za vibarua wa barabara za miaka ya 1950, zimerundikwa stoo chini ya bati linalovuja. Ndani mlikuwa na majina, siku za kazi, senti, alama za dole gumba. Nikaziandika katika orodha ya kuteketezwa. Karani wa masijala, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akanivuta pembeni: "Bwana, hawa hawakuandikwa mahali pengine popote." Nilibishana naye kutwa nzima. Jioni nikalifuta lile fungu kwenye orodha, zaidi kwa kumheshimu kuliko kwa kukubali.

Miaka mingi ikapita. Asubuhi moja akaja mzee amevaa kanzu iliyofuliwa ikafifia, anatafuta ushahidi kwamba aliwahi kuitumikia serikali. Kote alikopita alikuwa ameambiwa alete barua, naye hakuwahi kupewa barua maishani mwake. Nilimwamkia, nikamuuliza wilaya na mwaka, nikaingia ghalani mwenyewe. Niliporudi na rejesta mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Tulipekua pamoja. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimtajia majina mpaka nilipofikia la kwake. Pembeni palikuwa na dole lake, la zambarau, mistari yote inaonekana. Akaweka gumba lake la uzee juu ya lile la ujana, akakaa kimya kitambo. Kisha akaniomba nimhesabie siku za mwezi ule. Zilikuwa zimewekwa alama zote, isipokuwa mbili katikati.

"Hizo mbili sikwenda, mwanangu," akasema. "Ndipo alipozaliwa binti yangu wa kwanza."