Nyayo za Muunganisho

Muunganisho wa kompyuta mbili ni mapatano ya wawili wasioonana. Mmoja hupeleka neno, akangoja. Mwingine hulipokea, akajibu. Na kati yao pana njia ndefu ambayo hapana hata mmoja wao aijuaye yote. Mambo yakienda vema, kimya chao ni dalili ya afya. Yakiharibika, kimya ni kile kile. Programu ambayo neno lake limepotea njiani hukaa ikingoja sawasawa na ile ambayo jibu lake limechelewa kidogo tu, wala mtazamaji wa nje hawezi kupambanua kungoja kwa kwanza na kungoja kwa pili. Ndiyo sababu waandishi wa programu za mtandao wana desturi ya kupachika, katikati ya amri zao, mistari isiyoutumikia muunganisho kwa lolote, ila husema yaliyotendeka: saa hii, muunganisho huu, uliokuwa katika hali hii, ulipatwa na jambo hili, ukaingia katika hali ile. Mistari hiyo na iitwe nyayo.

Kazi ya kupachika nyayo hudharauliwa. Aghalabu hupewa mgeni wa kazi, au hufanywa usiku kwa haraka, mambo yakiwa yamekwisha haribika. Dharau hiyo haina haki, maana achaguaye nini kiandikwe ndiye achaguaye nini kitajulikana kesho.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, Charley Kline, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alijaribu kuingia katika kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, iliyokuwa mbali naye kwa mamia ya kilomita. Upande wa pili alikuwako Bill Duvall. Wawili hao walikuwa wakizungumza kwa simu huku wakifanya kazi. Kline alipiga herufi L, akauliza kama imefika, akaambiwa imefika. Akapiga O, nayo ikafika. Alipopiga G, mfumo wa upande wa pili ukaanguka. Mahali pa kuwekea herufi palikuwa padogo kuliko haja. Duvall akapatengeneza, na usiku ule ule jaribio likafanikiwa. Daftari la kazi la Los Angeles lipo hata leo. Penye saa 4:30 za usiku pana mstari mfupi usemao kwamba walizungumza na Stanford, kompyuta kwa kompyuta. Anguko halimo. L na O hazimo. Habari hizo zilihifadhiwa na vinywa vya waliokuwapo, na kama wangalikuwa wachache wa maneno zingalipotea. Tena msomaji aangalie jambo moja: kilichoonyesha mahali pa hitilafu hakikuwa mtandao wenyewe bali simu, yaani njia ya pili, iliyowawezesha wawili wale kulinganisha kwa wakati mmoja alichopeleka huyu na alichopokea yule. Daftari liliandika ushindi. Simu ndiyo iliyofanya kazi ya nyayo.

Itifaki iitwayo TCP, ambayo sehemu kubwa ya mazungumzo ya intaneti yamepita juu yake, iliandikwa kwa ukamilifu Septemba 1981. Andiko lile liliupa muunganisho hali 11, tangu kusikiliza mlangoni hata kufungwa kabisa. Programu nyingi, pamoja na utajiri huo wa hali, zina neno moja tu la kusema: muunganisho umeshindikana. Hilo si neno la shahidi. Ni kama tarishi arudiye akasema barua haikufika, asiseme kama nyumba haikuonekana, au alibisha hodi asiitikiwe, au mwenye nyumba alimfungulia akamkatalia. Njia isiyokuwapo, ombi lisilojibiwa, na mlango uliokataa ni mambo matatu yenye dawa tatu mbalimbali. Mhudumu atafutaye ya kwanza palipo na ya tatu hupoteza siku nzima.

Iko pia hitilafu ya ukimya hasa. Upande mmoja umesema umemaliza. Upande wa pili umelisikia neno hilo, lakini programu yake haikumbuki kufunga. Muunganisho hubaki katika hali ambayo andiko la TCP linaiita ya kungoja kufunga, na hakuna saa katika itifaki itakayoutoa humo. Unabaki mmoja, kisha kumi, kisha mamia, kila mmoja ukishika nafasi yake, mpaka siku moja programu inakosa nafasi ya kupokea mgeni mpya, ikafa. Kifo kinaonekana kuwa cha ghafula, kumbe kilianza wiki nyingi nyuma. Anayetazama hali za sasa ataona msongamano tu. Nyayo zilizoandika kila badiliko, hali ya kale pamoja na hali mpya, zingemwonyesha ni sehemu gani ya programu ilipokea neno la kwaheri ikageuka kushoto.

Waliojenga mfumo wa Unix wa Berkeley walilifahamu neno hili la hali mbili. Katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, soketi yoyote iliweza kuombewa kufuatiliwa. Kiini cha mfumo, kabla ya kuishughulikia pakiti iliyoingia, kiliweka kando hali ya muunganisho na nakala ya kichwa cha pakiti. Baada ya kazi kikaandika vyote, cha kabla na cha baada, pamoja na saa, na kama pakiti ilipokewa, au ilitumwa, au ilitupwa. Rekodi hizo ziliwekwa katika duara lenye nafasi 100. Ya 101 ilikaa juu ya ya kwanza, na programu ndogo iitwayo trpt ilizisoma. Msomaji wa leo, aliyezoea diski pana, huenda akalicheka duara la nafasi 100. Lakini lilikuwa na adabu yake. Soketi isiyoomba haikuandikiwa kitu, wala haikucheleweshwa. Maana nyayo zina uzito: programu inayoandika mstari kwa kila jambo hupunguza mwendo wake, na hitilafu itokanayo na matukio mawili kukimbizana hutoweka nyayo ziwekwapo, ikarudi ziondolewapo. Hapo shahidi mwenyewe huwa ameibadili kesi.

Oktoba 1986 ndipo ilipoonekana thamani ya jambo hili. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley pana yadi 400 tu. Mwendo wa habari kati ya mahali hapo pawili ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Ukurasa wa herufi 2,000, uliokuwa ukipita kwa nusu sekunde, sasa ungechukua zaidi ya dakika 6. Mtu aliyeuchukua mkononi akatembea kwa mwendo wa kawaida angeufikisha kwanza. Hapakuwa na waya uliokatika wala mashine iliyozimika. Kila kompyuta, kwa upande wake, ilikuwa ikitimiza wajibu: haikupata jibu, basi ikatuma tena.

Van Jacobson wa maabara ile, akishirikiana na Michael Karels wa Berkeley, alijiuliza kama TCP yao ndiyo iliyokuwa ikikosea. Katika makala aliyoitoa mwaka 1988 alichora nyayo za muunganisho mmoja. Kila pakiti ilikuwa nukta: upande wa chini ni saa ya kutumwa, upande wa kusimama ni namba yake. Muunganisho mwema ungechora mstari ulionyooka, ukipanda kwa utaratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta zile zilisimama nguzo nguzo, zikarudi nyuma, zikasimama tena. Habari za kutoka kilobaiti ya 54 hadi ya 58 zilitumwa mara tano. Katika nafasi yote ya njia, asilimia 35 tu ndiyo iliyofanya kazi. Iliyobaki ililiwa na marudio. Sababu ilisomeka pale pale mwanzoni: mtumaji alimwaga pakiti 32 kwa mkupuo, na lango lililokuwa katikati lilikuwa na nafasi ya pakiti 30. Tiba ilikuwa kuanza na pakiti moja, na kuongeza kwa kadiri majibu yanavyorudi. Mchoro wa pili, wa njia ile ile, una mpindo wa takriban sekunde mbili za kujizuia, kisha mstari unapanda bila kurudia hata pakiti moja. Wengi wangaliweza kubahatisha kwamba njia imesongamana. Ila kubahatisha kusingaliweza kusema ni nani aliyeisonga, na jibu, kwamba ni watumaji wenyewe katika utii wao, halikuwa jibu ambalo mtu angependa kulikisia.

Mwaka 1988 maabara ile ile ilitoa programu iitwayo tcpdump, kazi ya Jacobson pamoja na Craig Leres na Steven McCanne, ambayo huketi kando ya njia na kunakili pakiti zipitazo. Kwa miaka mingi, isipoambiwa vingine, ilinakili baiti 68 tu za mwanzo wa kila pakiti: anwani, namba, dalili za kufungua na kufunga, na kidogo cha yaliyomo. Uchache huo uliokoa muda. Nao uliwasitiri watu kwa sehemu, kwa kuwa siku zile maneno ya siri yalipita mtandaoni wazi, na anakiliye yote huyanakili hayo pia.

Siku hizi mazungumzo mengi hupita yakiwa yamefungwa kwa fumbo, na aketiye kando ya njia huona bahasha asione barua. Kwa hiyo kazi imerudi ndani ya programu yenyewe, kwa mwandishi na mistari yake. Baadhi ya programu, Firefox na curl zikiwamo, hukubali kuombwa ziandike funguo za kila muunganisho katika faili, ili mtafuta hitilafu afungue pakiti alizozinasa. Ombi hilo ni jepesi: mstari mmoja kabla ya kuwasha programu. Hitilafu ikipatikana, watu hufurahi wakaenda kulala. Faili likisahauliwa mahali pake, yeyote aliyezinasa pakiti za siku ile na akalipata faili anaweza kukaa kwa nafasi yake, akazifungua moja baada ya moja, pamoja na neno la siri la mtu ambaye hakupata kujua kwamba palikuwa na hitilafu.