Mwacheni Kwanza Akue

Hapa Arusha mbio si mchezo wa kupunguzia tumbo. Ni dili. Pita Uwanja wa Sheikh Amri Abeid alfajiri, utawakuta vijana wanatoka jasho, na pembeni watu wazima wawili watatu wameshika saa, wanaangalia miguu kama wachuuzi wa ng'ombe mnadani. Nani ameiva? Nani tumpeleke barabarani mwezi ujao? Kilomita 21, mshiko papo kwa papo, wakala anakata chake, basi.

Sina ugomvi na mshiko. Sote tunautafuta. Ugomvi wangu ni na haraka.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 16, anakimbia mita 1500 na 3000. Kipaji anacho, hata majirani wasiompenda wanakubali. Tangu mwanzo wa mwaka kocha mmoja alimtoa uwanjani akampeleka kwenye lami, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Akamwambia apunguze ugali, ati wepesi ndio mwendo. Binti akakonda, na kweli wiki za mwanzo akawa anaruka kama swala, kila mtu akashangilia. Kisha hedhi ikakatika. Mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa nne. Alipomweleza kocha (na ujasiri huo sijui aliutoa wapi), akajibiwa kuwa hiyo ndiyo dalili ya mwili uliokomaa kwa mbio.

Dada zangu, huo ni uongo, tena uongo unaovunja mifupa. Mwili usiopata chakula kinacholingana na kazi yake hufanya kama mama mwenye nyumba siku pesa ya luku inapokaribia kwisha: huzima taa chumba kimoja kimoja. Chumba cha uzazi huwa miongoni mwa vya kwanza. Sasa, homoni ile ile inayoleta siku zako ndiyo inayosaidia kulinda mifupa. Ikipungua ukiwa na miaka 16, inapungua wakati ule hasa ambao mifupa inajiwekea akiba ya kutumia hadi uzeeni. Wavulana nao hawajasalimika. Wao hawana kalenda ya kuwaonya, lakini uchovu usiokwisha na maumivu yanayorudi palepale ni barua hiyo hiyo.

Tofautisheni maumivu, jamani. Ya misuli husambaa, na mara nyingi hupungua siku mbili tatu zikipita. Ya mfupa unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, na huzidi kadiri unavyokimbia. Mdogo wangu ananionyesha kwenye muundi, kwa kidole kimoja.

Kijiweni huwa wananitajia Filbert Bayi. Mzaliwa wa Karatu, miaka 20, anavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.16. Sawa kabisa. Lakini hiyo ni mita 1500 uwanjani, bwana, si kilomita 42 za lami! Mtazameni Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza alikimbia Hamburg mwaka 2013. Miaka 10 baadaye! Na saa 2:01:09 za Berlin alizipata 2022, akielekea miaka 38. Au Simbu wetu: shaba London 2017, halafu miaka minane ya kushinda na kushindwa, ndipo dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Alikuwa na miaka 33. Angekuwa ameteketezwa akiwa na 16, hizo sekunde angezitoa wapi?

Kwa hiyo wewe wa miaka 15, 16, 17: kimbia mbio fupi na za kati, kimbia nyasini na kwenye vumbi. Tizi la nguvu mara mbili kwa wiki linatosha, siku nyingine uende mwendo wa kuweza kupiga soga. Siku moja lala. Cheza mpira wa pete, ruka kamba. Na ule! Ugali, maharage, dagaa, mtindi, usiku usilale na njaa. Kocha anayekuchungulia sahani akuchungulie na kadi ya kliniki.

Jumatatu tunampeleka hospitali kupiga picha ya mguu. Nimeambiwa ufa mdogo huweza usionekane kwenye eksirei wiki za mwanzo, kwa hiyo hata picha ikiwa safi hakimbii. Kocha ametuma ujumbe kwamba jina limeshaandikishwa na nauli imelipwa. Mama mdogo anauliza nauli ya watu itarudi vipi. Nimemwambia nitailipa mimi, hata kwa kukopa. Binti mwenyewe hajaniuliza habari ya nauli. Ameniuliza, "Dada, nikipumzika miezi mitatu, wenzangu si wataniacha?"

Nimemwambia watamwacha. Mwaka huu.