Bomba la Moshi na Swali la Mke Wangu



Ndugu zangu wasomaji, na hasa akina mama mnaopima kila shilingi ya nyumba, juma hili nawasimulia habari ya gari langu. Ni Toyota Corolla kuukuu niliyoinunua Mombasa miaka mingi iliyopita, nikahamia nayo hapa Umoja, Nairobi. Tangu mwezi wa Rajabu lilikuwa likinguruma kama trekta. Jirani yangu wa ghorofa ya pili aliniambia kwa adabu kwamba siku hizi hahitaji saa ya kumwamsha alfajiri. Nikacheka, wala sikulitengeneza.

Aliyenizindua ni mke wangu. Kila tulipotoka Pumwani, ambako ninasomesha, alikuwa akisema, "Bwana, gari hili likinichukua kichwa chaniuma." Nami nikimjibu kwamba ni jua na msongamano wa Barabara ya Jogoo. Jumamosi moja mvua ilinyesha, tukafunga madirisha yote. Mjukuu wetu aliyekuwa kiti cha nyuma akalegea, kisha akatapika. Tulipofika nyumbani akakaa nje kupata hewa, na baada ya muda si mrefu akawa anacheza. Mke wangu aliniangalia bila ya kusema neno. Niliona haya.

Moshi wa petroli una gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, hata mtu akadhani ni malaria au uchovu. Ishara mojawapo ni kwamba mgonjwa hupata nafuu akishuka garini. Bomba zima huitoa gesi hiyo nyuma kabisa ya gari, lakini bomba lililotoboka huimwaga chini ya miguu ya abiria. Ikizidi, huua.

Kesho yake nikatoka kutafuta matengenezo. Duka moja la vifaa vipya lilinitajia shilingi 18,000 kwa sailensa na paipu yake. Riziki ya mwalimu wa madrasa mnaijua. Nikaenda kwa fundi wa kando ya njia, akaingia chini ya gari, akatoka akitabasamu. "Sheikh, shida ni masega. Tuyatoe, nikuchomelee paipu tupu. Hutalipa hata senti. Masega nitabaki nayo mimi."

Nilimshukuru Mola kwa wepesi huo, nikampigia simu mke wangu kumpa bishara. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye anakula nini?"

Sikuwa na jawabu. Nikaomba muda, nikaenda kuuliza wanaojua. Masega ni kile kifaa kilicho kati ya injini na sailensa, chenye vijitundu kama sega la nyuki. Kazi yake ni kuigeuza sehemu kubwa ya sumu ya moshi kabla haijatoka. Ndani yake mna madini ya platini, paladi na rodi, ambayo kuna nyakati bei yake imeipita dhahabu. Ndiyo sababu fundi alikuwa tayari kufanya kazi "bure".

Ndugu zangu, nimesomesha milango ya biashara kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewaonya vijana kuhusu gharar, yaani kuuziana kitu kisichojulikana. Siku ile mimi mwenyewe nilikuwa tayari kutoa mali nisiyoijua kwa thamani nisiyoijua, kwa kuwa tu mkono wangu haukuguswa mfuko. Na lililo zito zaidi ni kwamba sumu ambayo masega yangeizuia ingebaki barabarani. Ingevutwa na mama anayekaanga mandazi kando ya njia na watoto waendao chuoni kwa miguu. Hao hawakuwamo katika makubaliano yetu, nao ndio wangelipa.

Mwishowe nilifika Kariobangi, katika karakana za Light Industries, kwa fundi mtu mzima. Alilitia gari jeki na vigingi, akanionyesha kila kitu kwa tochi. Masega yalikuwa mazima. Sailensa ndiyo iliyooza, na gasketi moja ilikuwa imeungua. Akanieleza kwamba chumvi ya pwani hula bomba kwa nje, na safari fupi hulila kwa ndani, kwa sababu bomba halipati moto wa kutosha kuukausha unyevu wa moshi. Nikakumbuka mwendo wangu wa dakika tano kwenda msikitini kila alfajiri.

Aliniuzia sailensa iliyotumika kwa 3,500, gasketi kwa 400, na ufundi 1,500. Jumla 5,400. Nilimuuliza sailensa imetoka wapi, asije akaniuzia kilichoibwa. Akanitajia gari lililogongwa na kuuzwa vipande vipande, akaniandikia risiti.

Basi wasia wangu ni mchache. Ukisikia ngurumo mpya, au ukiona masizi meusi kwenye maungio ya bomba, usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiwashe gari na kuliacha likiunguruma penye kuta, wala chini ya dirisha la waliolala. Mwambie fundi akuonyeshe palipooza kabla hajataja bei, na uchukue kifaa chako cha zamani baada ya kazi. Ukiambiwa bure, uliza kama alivyouliza mke wangu. Na mtu wa nyumbani mwako akikuambia kichwa chamuuma garini, mwamini. Mimi nilimkanusha mke wangu kwa wiki nyingi, na nilipomwomba radhi alinisamehe kabla sijamaliza kusema.

Jumamosi iliyofuata mjukuu wetu aliimba kasida kutoka Pumwani mpaka Umoja. Jirani wa ghorofa ya pili naye amenunua saa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie majumba yetu na njia zetu. Wabillahi tawfiq.