Feni Zilizotaka Kunihamisha Tunduma

Naishi Tunduma, kwenye nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyote vinatazama ua mmoja. Riziki yangu ni kutunza nyaraka za mawakala wadogo wa forodha: ankara, vibali, picha za mizigo inayovuka kwenda Nakonde, Lusaka hadi Kongo. Kodi ya ofisi iliponishinda, nikahamishia seva chumbani, chini ya meza. Hapo mtihani ukaanza.

Seva yenyewe ni ya mtumba, ya Kariakoo, iliyoundwa kwa vyumba vya mitambo ambako halali mtu. Mwanzoni feni zake zilivuma kwa adabu. Nilipoongeza kadi ya mtandao iliyotoka kiwanda kingine, zikapandisha sauti na hazikushuka tena, usiku na mchana. Chumba cha pili anakaa dada muuguzi, anayeingia zamu ya usiku na kulala mchana. Alivumilia sana, kisha akaacha hata kuitikia salamu. Mwishowe mama mwenye nyumba akaniita uani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ama hilo dude litoke, ama utoke nalo. Mwisho wa mwezi nataka jibu.”

Sikulala. Kuizima seva kulikuwa kuzima jiko langu.

Ushauri haukukosekana. Mmoja aliniambia nichomoe feni mojawapo, mwingine niunge rezista kwenye waya ili zizunguke polepole. Lakini bodi ya seva ikiona feni imeshuka chini ya kiwango, huihesabu imekufa na kuzisukuma zilizobaki hadi mwisho. Wa tatu alisema nifunge kasi kwenye asilimia 20. Kelele ingekwisha kweli, ila feni iliyofungwa hivyo haitofautishi Julai, baridi ya huku inapouma mifupa, na Oktoba, bati linapowaka. Tena Tunduma iko juu ya mita 1,500. Hewa yake ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya Dar. Prosesa ikipata moto, nani angewalipa mawakala?

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa Vwawa. “Kaka,” alisema kwenye simu, “soma joto kwanza, ndipo useme feni zina wazimu.”

Nikaita orodha ya sensa kwa programu ya ipmitool. Hewa inayoingia nyuzi 22, prosesa nyuzi 41, feni mizunguko zaidi ya 9,000 kwa dakika. Hapakuwa na joto la kupigiwa kelele zote zile. Fundi akanieleza: bodi haiitambui ile kadi na haina njia ya kusoma joto lake, basi inachukua tahadhari ya juu kabisa. Kwa aina ya seva yangu ipo amri ya kuzima tahadhari hiyo peke yake, huku sensa nyingine zote zikiendelea kuongoza feni. Nikanakili hali ya mwanzo daftarini, nikaandika amri, nikabonyeza. Mvumo ukashuka taratibu hadi mizunguko kama 3,600.

Sikushangilia mapema. Niliipa seva kazi ya kubana mafaili mazito, nikakaa mbele ya namba. Prosesa ilipopanda kupita nyuzi 60, feni ziliongeza kasi zenyewe. Kazi ilipokwisha, zikarudi chini. Kwa kuwa kadi sasa haina mlinzi, niliihamishia kwenye nafasi inayopitiwa na upepo zaidi, na huwa naipima kwa kipimajoto cha mkono. Vumbi la malori nalo nalipiga brashi mara kwa mara, maana likiziba njia ya hewa feni zitapanda tena, safari hiyo kwa haki.

Nafuu ilifika hadi kwenye Luku. Kasi ya feni ikipungua nusu, umeme inaotumia hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane, na kelele hupungua kwa takriban desibeli 15. Sikio la mtu huhesabu upungufu wa desibeli 10 tu kama sauti kushuka nusu.

Namshukuru Mungu, na fundi yule pia. Mama alipokea kodi ya mwezi uliofuata bila neno, na muuguzi sasa huniletea simu yake nimhifadhie picha za watoto. Wewe mwenye seva ya mtumba kwenye nyumba ya kupanga, usianze na bisibisi. Anza na orodha ya sensa, utafute kifaa ambacho bodi haikioni.