Pikipiki ya Jirani na Kiswahili cha Gereji

Kwa mlio nje ya London: Kenton ni kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa jiji. Treni za Bakerloo zinapita hapa, na barabara ya Kenton Road ndiyo mpaka wa manispaa za Harrow na Brent. Majirani zetu wengi ni Wagujarati, na wazee wao wengi hawakuja moja kwa moja kutoka India. Walitoka Kisumu, Nakuru, Kampala, Jinja, Mwanza. Ukiwa kwenye foleni ya duka la mboga ukamfokea mtoto kwa Kiswahili, usishangae mzee aliye nyuma yako akimtetea kwa lugha hiyo hiyo.

Ndivyo nilivyofahamiana na jirani yangu wa nyumba ya tatu. Alizaliwa Kisumu, akakulia kwenye gereji ya baba yake mdogo, akafika Uingereza Februari 1968, siku chache kabla ya sheria mpya ya uhamiaji kuanza kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza. Ananiita sista, kama wagonjwa wa kwetu wanavyowaita wauguzi, ingawa hajawahi kulazwa wodini kwangu.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 11, aliyezaliwa hapa. Mnajua hadithi yake kwa sababu wengi wenu mnaye wa aina hiyo: Kiswahili anakisikia, anakielewa, halafu anajibu kwa Kiingereza. Tulijaribu masomo ya Jumamosi, katuni, hata kujifanya hatusikii asipojibu kwa Kiswahili. Mimi na baba yake tuna zamu zinazopishana, na saa chache tulizokuwa naye zilikuwa zinageuka mtihani. Bibi yake akipiga simu kutoka Korogwe, mtoto alikuwa anasema shikamoo kisha ananirudishia simu.

Sasa pikipiki. Mzee alikuwa na BSA Bantam ya 1967, aliyoinunua mkononi mwa mtu mwaka 1969. BSA walianza kama watengeneza bunduki wa Birmingham. Bantam yao ilitoka kiwandani kuanzia 1948 hadi 1971, na chimbuko lake si Uingereza. Ni mchoro wa pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, uliochukuliwa kama fidia ya vita. Kwa miaka mingi vijana wa posta wa hapa walipeleka simu za maandishi kwa Bantam nyekundu. Ya mzee ilikaa gereji nyuma ya nyumba miaka zaidi ya 20. Mwanawe aliipeleka fremu kupakwa rangi mpya ngumu, ile ya unga inayookwa kwenye tanuri, akanunua koili mpya, plagi mpya na betri mpya. Ikawa inang'aa. Ikawaka. Lakini ukiwasha taa ya mbele, injini inazima.

"Hii iko na ugonjwa, sista," mzee aliniambia. "Taa nawasha, hii nakufa."

Haraka ilikuwepo, na haikuwa ya pikipiki peke yake. Mikono ya mzee ilianza kutetemeka, mkewe amefariki, na watoto walishakubaliana ahamie kwa binti yake Leicester mwisho wa Agosti. Nyumba ingeuzwa. Kama Bantam haitembei, ingeuzwa vipande vipande. Mzee hakulalamika. Alikuwa anakwenda tu gereji kila siku, anakaa kwenye ndoo, anaiangalia. Muuguzi anajua tofauti ya mtu anayepumzika na mtu anayekata tamaa.

Shule zilipofungwa, mtoto wangu akaanza kwenda kukaa naye. Mzee hakuwa na macho ya kusoma rangi za nyaya wala vidole vya kushika bolti ndogo. Alihitaji mtu, na Kiingereza cha mzee kikianza kazi kinageuka Kiswahili, maana ufundi aliujulia Kisumu. "Toto, leta bisibisi. Si hiyo, hiyo ndogo. Shika hii waya kahawia." Hakumfundisha lugha. Alikuwa anataka bisibisi.

Mimi umeme niliusoma hadi kidato cha nne, lakini nina kaka fundi wa bodaboda Korogwe. Nikamtumia maelezo kwa WhatsApp. Jibu lake lilikuja kwa sauti: "Msibadilishe kitu tena. Nunueni mita, mpime. Anayebadilisha vifaa bila kupima anawatajirisha wenye maduka." Hapo nilijisikia nyumbani kabisa. Wodini pia huongezi dawa kabla ya kupima presha.

Betri ya pikipiki hii ni ya volti 6, na hilo linabadilisha mambo. Taa ya wati 24 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta ampea 2. Kwenye volti 6 inavuta ampea 4. Umeme mwingi zaidi unapita kwenye waya ule ule, kwa hiyo kila kiungo kibovu kinakula volti nyingi zaidi, na ukipoteza volti moja umepoteza sehemu ya sita ya ulichonacho. Isitoshe, pikipiki nyingi za Kiingereza za wakati ule zimefungwa kinyume na za leo: ncha chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Mtoto alipomweleza mjomba wake, mjomba alidhani amechanganya maneno. "Chanya? Mwambie mama yako apige picha." Picha ikaenda. Kimya. Kisha: "Makubwa haya."

Tukapima. Betri peke yake, volti 6.3. Kwenye koili, taa ikiwa imewashwa, volti 4.2. Kwa hiyo volti 2 zilikuwa zinapotelea njiani. Kaka akasema msipime tu njia ya kwenda, pimeni na ya kurudi: ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mwili wa injini, taa ikiwaka. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma 1.8.

Mtoto ndiye aliyekuwa anasoma. Akanyanyua kichwa akasema, "Babu, arthi mbovu."

Ilikuwa ile rangi nzuri. Waya wa arthi ulikuwa umefungwa juu ya rangi ngumu isiyopitisha umeme, na kilichokuwa kinapitisha ni nyuzi za bolti tu, kama maji kwenye mrija uliobanwa. Injini peke yake iliweza kunyonya humo. Injini na taa kwa pamoja, hapana. Mzee akamwelekeza akwangue kwa msasa mpaka chuma kionekane, apake grisi kidogo, akaze. Dakika kumi. Koili mpya haikuwa na kosa, na nadhani hata ile ya zamani haikuwa nalo.

Taa ikawaka, injini ikasimama imara, tukapiga makofi. Baada ya nusu saa ikazima tena. Safari hii tulijua pa kwenda. Injini ikizungushwa kasi, volti za betri zinatakiwa zipande hadi karibu 7. Zetu zilikuwa zinashuka, hivyo betri ilikuwa haichajiwi. Rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa jenereta ili betri iupokee, ilikuwa bado ile ya asili ya visahani vya seleniamu, na ilikuwa imekufa. Ndogo ya kisasa ya silikoni inauzwa pauni chache. Kaka alitaka tuifungie taa za LED na mimi nilimkatalia. Kuna heshima ya kitu cha zamani.

Kwa mnaofikiria mradi kama huu: chombo kilichopita miaka 40 hakidaiwi ukaguzi wa MOT wa kila mwaka, sheria iliyoanza Mei 2018, na hakilipi kodi ya barabara. Lakini lazima ukiandikishe DVLA katika daraja la vyombo vya kihistoria. Kikishaandikishwa hivyo, hakitozwi pia ile ada ya ULEZ ya pauni 12.50 kwa siku, iliyofika mitaa yetu Agosti 2023. Kutodaiwa ukaguzi si ruhusa ya kupanda chombo kisicho na breki.

Wiki ya tatu ya Agosti bibi alipiga simu kutoka Korogwe. Mtoto hakunirudishia. Akamweleza habari ya arthi, msasa, rektifaya, kwa kirefu, na ngeli zake zote zimevunjika. Mama yangu alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu anaongea kama mwenye duka la Kihindi!" Nikaanza kumsahihisha, "ule waya, siyo hii waya," kisha nikanyamaza nikaenda kuosha vyombo.

Bantam ilipanda gari la mizigo kwenda Leicester ikiwa nzima, pamoja na ile ndoo. Mita ilibaki kwetu. Jumapili iliyopita mzee alipiga simu: taa ya nyuma imekufa, na mwanawe keshaagiza balbu mpya. Nikasikia toka jikoni, "Babu, ngoja kwanza. Umepima?" Waliongea dakika 40 kwa simu yangu, na mimi nilikuwa na zamu ya usiku.