Kifurushi Kisimtegemee Mtu Mmoja

Wengi wenu mnaijua kamusi ya chama chetu, ile programu huria ya maneno tuliyookota kwa bibi na shangazi zetu, kutoka Lamu mpaka Bukavu. Wachache wanajua ilivyokuwa ikifungashwa. Kila toleo jipya, mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alijifungia chumbani na kompyuta yake: anaunda programu, anaandika nambari ya toleo, anafunga kifurushi cha Windows, kisha cha Mac, kisha cha Debian. Kazi ya jioni nzima, na hatua zote zimo kichwani mwake. Juni anahitimu.

Tulipopendekeza kazi hiyo ifanywe na mashine, hakufurahi. "Kwani hamniamini?" alituuliza. Tunamwamini, tena sana. Ndiyo maana swali lake lilituingia.

Tulimjibu kwa kisa cha xz, programu ya kubana mafaili inayopatikana katika mifumo mingi ya Linux. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Alianza kushuku alipoona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Hati iliyouamsha mlango huo haikuwemo katika hazina ya wazi ya msimbo. Ilikuwemo ndani ya kifurushi tu, kilichotolewa na mtunzaji aliyekwisha kuaminiwa. Watu walisoma kitu kimoja, wakapakua kingine.

Basi tukakaa naye kitako. Kamusi yetu huundwa kwa CMake, yenye chombo cha kufungasha kiitwacho CPack. CPack hubeba kile tu kilichoandikwa katika maagizo ya usakinishaji. Siku ya kwanza kifurushi kilitoka bila neno hata moja la kamusi! Kumbe faili la maneno mwenzetu alikuwa akilinakili kwa mkono kila mara, na hatua hiyo haikuandikwa popote. Tukaiandika. Sasa tukiweka alama ya toleo jipya, seva tatu, ya Windows, ya Mac na ya Linux, huunda kila moja kifurushi chake, na kumbukumbu ya kila hatua hubaki wazi kwa yeyote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatusemi mashine inamaliza yote. Sehemu ya hila ya xz ilifichwa katika mafaili ya majaribio yaliyokuwemo hazinani, mbele ya macho ya wote. Seva haisomi kwa niaba ya mtu. Ila sasa, kwa kamusi yetu, kuna cha kusoma.

Mistari mingi ya maagizo hayo kaiandika mwenzetu huyohuyo. Toleo lijalo tunataka litolewe na mtu wa mwaka wa kwanza. Nani yuko tayari? Njooni Jumatano na kompyuta zenu.