Siku Moja Unguja kwa Watu wa Njia ya Misafara

Mwenyezi Mungu katika Kitabu Chake ametuagiza tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wao waliotutangulia. Agizo hilo si la wanavyuoni peke yao. Hata mzee wa nyumba mwenye kipato kidogo yampasa, apatapo nafasi, awatoe watoto wake awaonyeshe dunia. Kwa sisi tukaao Igalula, katika nchi ya Unyamwezi, hapana safari yenye mafunzo kuliko kushuka pwani na kuvuka bahari kwenda Unguja, kwani ndiko ilikoelekea njia ya wazee wetu.

Zamani za misafara wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, kila mtu na mzigo wa frasila mbili hivi, nao warudipo walichukua nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba. Mwaka 1857 Mwingereza Burton alitumia siku 134 toka pwani hata Tabora. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mwendo wa miezi ukawa wa siku. Basi katika likizo ya mwezi wa Juni, mimi na mama watoto na watoto wetu watatu tulipanda treni, tukashukia Dar es Salaam, tukalala kwa jamaa tuliowapelekea asali ya kwetu, na alfajiri tukaenda bandarini.

Boti ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Tulihesabiana, tukasoma dua ya kupanda chombo, kisha tukawaonyesha watoto mahali yalipowekwa maboya ya kujiokolea. Kwani kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake. Wakati huo ni wa kusi, na bahari ina mawimbi. Asiyeizoea na ale kidogo, na awe na ndimu mkononi. Mtoto wetu mdogo, ambaye maji mengi aliyopata kuyaona ni ya bwawa la Igombe, aliuliza mara tatu ng'ambo iko wapi.

Tulipofika tulikwenda Shangani, tukaiona nyumba ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, ambaye baba yake alikuwa na makazi Unyanyembe. Kutoka hapo tukaenda Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mpaka Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza mwaka 1873, soko likafungwa. Leo pana kanisa, na nje yake, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu wenye minyororo shingoni.

Hapo binti yetu mkubwa aliuliza, "Baba, hao waliowauza walikuwa Waislamu?"

Swali kama hilo mzazi asilikimbie. Nilimjibu kwamba ndiyo, wengi wao walikuwa Waislamu. Na walikuwapo pia watemi wa bara waliouza mateka wao wa vita, na wageni wa dini nyingine walionunua watu wakawapeleka visiwa vya mbali. Lakini jina la Uislamu si ngao ya dhuluma. Surat al-Balad yataja kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika kuipanda njia ngumu ya kheri. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Binti akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama watu wale walipita kwetu. Nikamwambia walipita.

Tulikula urojo, kisha tukaenda Msikiti wa Malindi, ulio karibu na bandari, wenye mnara uliochongoka. Tuliswali Adhuhuri nyuma ya imamu mwenyeji tukatimiza rakaa nne pamoja naye, kisha Alasiri tukaikusanya na kuipunguza, nayo ni ruhusa ya msafiri. Jioni tukavuka kurudi.

Enyi wazazi, msiwapeleke watoto Unguja kutazama milango ya nakshi tu. Wapitisheni na Mkunazini, mwajibu waulizayo kwa ukweli. Kwani mtoto afichwaye dhuluma ya zamani, ataijuaje ile ya leo, anapomwona mtumishi wa nyumbani akinyimwa ujira wake? Mwenyezi Mungu atujaalie watoto waadilifu. Amin.